Kisanduku cha Mwalimu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili wale wanaosoma huku wakimtafuta wa kumlaumu wapumzishe macho. Nina uzoefu wa kazi hiyo: nimewahi kufukuzwa kazi nikiwa likizo, nimewahi kujifungia stoo huku ufunguo nimeuacha nje, na nimewahi kumwamini shemeji. Lakini ujinga wa Jumapili ile ulikuwa wa daraja la juu. Ulipakwa rangi nyeupe, ukakauka, na mji mzima ukapita kuuona.

Kazi yangu ni kupaka mistari barabarani. Ninasimamia watu wanne, mashine moja ya kusukuma kwa mikono na lori dogo la kubebea koni. Jumapili ile tulifungiwa barabara tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi ili tumalizie njia ya baiskeli: ukanda wa kijani wenye upana wa mita moja na nusu kando ya barabara, mstari mweupe wa kuutenga na magari, na mchoro wa baiskeli kila baada ya mita hamsini. Ilikuwa kazi nzuri, imenyooka kama imepigiwa pasi. Tulipofika mbele ya shule ya udereva tukakuta gari.

Gari lenyewe nalijua. Jeupe, la siku nyingi, kibao chenye herufi L juu ya paa na pedali seti mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwenye roho yake. Ni la Mwalimu. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, mimi nikiwemo. Wakati ule alikuwa akikaa na rula, na kila nilipoachia klachi kwa pupa alinigonga goti la kushoto. Mpaka leo goti hilo likimwona linajikunja lenyewe.

Gurudumu la mbele lilikuwa limetolewa, gari limeegemezwa kwenye gogo. Nikampigia simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Saa tatu na robo.

“Bosi, tulivute,” akasema Kamba. Tunamwita hivyo kwa sababu yeye ndiye anayeshika kamba ya kunyooshea mstari, na kwa sababu ni mwembamba kama hiyo kamba.

“Gari la Mwalimu? Ulivute wewe, mimi nitakuwa nimeshahama mji.”

“Basi mstari uishie hapa, uanze tena pale mbele. Uuache hivyohivyo, umekatika. Watu watajua kazi haijaisha.”

Hilo ndilo lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na lilitoka kwa Kamba. Nililisikia vizuri. Nikalikataa.

“Mimi siachi kazi kama kitu kilichotafunwa na panya,” nikamwambia. “Zungusheni.”

Wakazunguka. Kijani kikaishia nyuma ya bampa, kikaanza tena mbele ya taa. Mstari mweupe ukapita ubavuni mwa gari, ukaingia ndani mbele na nyuma mpaka ukingoni. Halafu, kwa kuwa mashine haiwezi kona za mraba, nikachukua brashi, nikapiga magoti, nikamalizia kona zote nne kwa mkono. Zilitoka kali, safi, kama za daftari la mwanafunzi mwenye sifa. Nikarudi nyuma hatua tatu nikazitazama, nikafurahi. Kisha nikasaini fomu ya kazi kwamba njia imekamilika, nikijua Jumanne tutarudi kuziba.

Jumanne tukatumwa upande wa pili wa mji kupaka vivuko mbele ya shule. Jumatano vilevile. Alhamisi Mwalimu akanipigia simu.

“Mwanafunzi wangu!” Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka harusini. “Njoo hapa nikushike mkono.”

Nikaenda. Alikuwa amevaa tai. Gurudumu limerudi, gari limesimama katikati ya kona zangu nne kama pete kwenye kisanduku chake.

“Miaka sita nawaandikia barua hao wakubwa zenu,” akasema. “Sita. Naomba sehemu ya kufundishia kuegesha kinyumenyume, kando ya barabara halisi, yenye magari halisi. Nikajua hawasomi. Kumbe wanasoma, ila wanajibu kwa rangi! Na vipimo! Nimepima kwa futi, hakuna kilichozidi. Nani aliyepaka?”

“Mimi.”

“Nilijua. Nilipoziona kona, nikasema huyu amepita mikononi mwangu.”

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ulihitaji sentensi moja, fupi, hata mtoto angeimudu. Lakini mtu niliyemwogopa miaka ishirini alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikasema:

“Tunajitahidi, Mwalimu.”

Huo ulikuwa ujinga wa pili, na haukuhitaji hata rangi.

Tangu siku hiyo kisanduku hakikupumzika. Asubuhi hadi jioni wanafunzi waliingia kinyumenyume na kutoka, mmoja baada ya mwingine. Nilisimama siku moja nikatazama. Mwanafunzi alikuwa mama wa makamo, mwuzaji wa duka la dawa, jasho linamtiririka kama yeye ndiye mgonjwa. Gari likaingia nusu, kichwa kikabaki barabarani. Nyuma yake baiskeli tatu zikasimama ghafla kwenye kijani.

“Hii njia ya baiskeli, mzee!” akapaza sauti fundi bomba mmoja, mabomba yamefungwa kwenye kiti cha nyuma.

Mwalimu akatoa kichwa dirishani. “Soma mstari! Mstari unasemaje?”

“Unasema wewe ni mgonjwa!”

“Unasema hapa ni pa gari! Umesomea wapi wewe?”

Fundi bomba akakata kulia aingie barabarani azunguke. Gari dogo jekundu likapiga honi mpaka likakauka sauti. “Wewe! Rudi kwenye njia yenu! Si mmepewa?”

“Njia yetu imeliwa na huyu mzee!”

“Sasa mimi nimekula nini?”

“Umekula barabara yote iliyobaki!”

Mama wa dawa akazima gari. Mwalimu akamwambia kwa upole, kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani: “Usiwasikilize. Klachi. Taratibu.” Ile rula alishaiacha siku hizi. Kila kizazi kinapata bahati yake.

Ningeweza kuendelea kucheka, kwa sababu mimi ni mwepesi wa kucheka, kama si Dada.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani: kubadilisha bandeji, kuchoma sindano, kuwageuza waliolala muda mrefu. Jicho lake la kulia halioni tangu utotoni, alipougua surua. Kwa hiyo leseni ya gari hana na hatakuwa nayo. Zamani alitembea kwa miguu, akiwafikia wagonjwa wanne kwa siku. Njia ya baiskeli ilipofunguliwa akanunua baiskeli ya mtumba, akafunga kikapu mbele, akaanza kuwafikia tisa. Ndani ya kijani alikuwa salama, magari yote yako ng'ambo ya mstari. Lakini akifika mbele ya shule ya udereva lazima atoke, na magari yanayomjia kutoka nyuma yanapita upande wa kulia, upande ambao kwake ni ukuta. Inabidi ageuze shingo nzima, na anapogeuza shingo baiskeli nayo inageuka. Mara mbili kwa siku, akienda asubuhi na akienda tena mchana.

Jumapili moja alikuja kwetu kula chakula cha mchana. Alikaa ili mimi na mke wangu tuwe upande wake wa kushoto, kama anavyokaa siku zote.

“Nataka kukuuliza,” akaniambia. “Pale shule ya udereva nani alipaka?”

“Kuna vikosi vitatu, Dada.”

Mke wangu akakohoa. Yeye alikuwa anajua tangu ile Jumapili, kwa sababu nilirudi nyumbani nikamsimulia habari za zile kona kama mtu aliyejenga msikiti.

“Wifi,” Dada akamgeukia, “nimemuuliza mumeo swali.”

“Nimesikia, wifi. Nami nasubiri jibu kama wewe.”

“Nitaulizia kazini,” nikasema, nikajaza mdomo ili usiulizwe tena.

“Muulizie. Na ukimpata mwambie ana mkono mzuri na kichwa kibovu.”

Naona aibu kusema kwamba nusu ya kwanza ilinipendeza.

“Kwa nini usizungumze na huyo Mwalimu mwenyewe?” akauliza mke wangu.

“Nimezungumza naye. Ananiita Sista, anavua kofia, ananiuliza habari za wagonjwa. Halafu ananionyesha mstari. Anasema amepewa. Sasa mtu aliyepewa utamwambia nini? Mwenye kosa ni aliyetoa.”

Mke wangu aliniongezea chakula bila kuniuliza, sahani ikajaa hadi ukingoni. Nilikula chote.

Jumatano iliyofuata, saa mbili na nusu asubuhi, mwanafunzi mmoja alikuwa anatoka kisandukuni. Dada akasimama nyuma, akamsubiri. Gari likazima. Akasubiri tena. Alikuwa na mgonjwa wa sindano ya saa tatu kamili. Akageuza shingo, akaona barabara tupu, akatoka. Aliyoiona tupu ilikuwa ile ya sekunde mbili zilizopita. Pikapu ikatokea kwenye kona ya duka la viatu, kioo chake cha pembeni kikamgonga kiwiko. Akaangukia upande wa kijani. Kikapu kikafunguka, bandeji zikabingirika barabarani na kuachia mikia mirefu. Pikapu ilisimama. Magari ya nyuma yakapiga honi, kwa sababu hicho ndicho yanachojua.

Aliyeshuka kwanza alikuwa Mwalimu. Alisimamisha magari kwa mkono mmoja tu, kama anavyoweza, akamwinua Dada, akamketisha kwenye kiti cha mbele cha gari lake, kisha akarudi barabarani na tai yake kuokota bandeji moja moja na kuzikung'uta vumbi. Mwalimu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya habari hii ingekuwa fupi.

Nilimkuta Dada zahanati, amekaa kwenye kitanda, yeye ambaye kwa kawaida husimama kando ya kitanda. Kiwiko kimeshonwa nyuzi saba. Mwenzake alikuwa anamfunga bandeji, naye anamkosoa.

“Usikaze hivyo. Mkono unataka kupumua.”

Mwenzake alipotoka nikajikaza. “Dada, aliyepaka pale ni mimi.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Zile kona. Tangu shule ya msingi wewe ulikuwa unapigia kichwa cha habari mistari miwili, ndani huna hata jibu moja.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nimesubiri mpaka nimeanguka.” Akajaribu kukunja mkono, ukakataa. “Jana niliwafikia tisa. Leo nimemfikia mmoja, naye ni mimi. Nenda karekebishe.”

Siku iliyofuata nikasimama mbele ya Injinia, mkubwa wetu kazini. Ni kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, ana kalamu za rangi nne mfukoni na zote zinaandika.

“Ulisaini kwamba imekamilika,” akasema, fomu iko mkononi.

“Nilisaini.”

“Na haikukamilika.”

“Ilikamilika vibaya, Injinia.”

Akaandika kwa kalamu nyekundu. Karatasi hiyo ya onyo ninayo, imetunzwa pamoja na wenzake. Kisha akanionyesha karatasi nyingine. Wenye magari wa mtaa ule walikuwa wameandika barua na kukusanya sahihi: kisanduku kibaki na kiwekewe kibao rasmi, njia ya baiskeli iishie kabla ya shule ya udereva na ianze tena baada yake. Chini, kwa mwandiko wa mtu aliyefundisha watu, ilikuwa sahihi ya Mwalimu.

“Nitakwenda pale kesho Ijumaa, saa tatu,” akasema. “Wakikubaliana mbele yangu kisanduku kizibwe, kitazibwa siku hiyohiyo. Wasipokubaliana nitalazimika kufuata barua, maana barua ndiyo iliyopo mezani. Na nyinyi mje na rangi zote mbili, ya kijani na ya kibao.”

Kwa hiyo Ijumaa tulikwenda na ndoo mbili zisizojua ipi itafunguliwa. Kamba alizipanga sambamba kwenye lori na kuzitazama kama mtu anayetazama mbio.

Watu walikuwa wameshajaa. Upande mmoja wenye baiskeli, kama kumi na tano, fundi bomba mbele yao, wanapiga kengele badala ya makofi. Upande wa pili wenye magari, funguo mikononi, wamesimama kwa ule mtindo wa mtu aliyeacha injini inaunguruma. Katikati kisanduku, ndani yake gari jeupe, ubavuni mwake Mwalimu na tai. Dada alikuja na baiskeli anaisukuma kwa mkono mmoja, mwingine umening'inizwa shingoni. Alisimama upande wa kushoto wa Injinia.

“Nianze na fundi wa rangi,” akasema Injinia. “Hiki kisanduku kilitoka wapi?”

Nikapiga moyo konde. “Kilitokana na gari kutokuwa na gurudumu. Hakuna aliyekipanga. Barua za Mwalimu hazikujibiwa. Mimi nilizunguka gari, halafu nikaona aibu kuacha kona mbaya.”

Mwalimu alinitazama. Goti langu la kushoto likajikunja. Akavua kofia, akaivaa tena.

“Sawa,” akasema. “Hakikukusudiwa. Wengi hapa hawakukusudiwa, na wapo.”

Wenye magari wakacheka. Hata fundi bomba alicheka kidogo, kisha akakumbuka yuko upande gani akapiga kengele.

“Nikupakie kingine uani kwako, Mwalimu,” nikasema. “Leo hii. Lango lako hilo hapo, na ua una nafasi. Nitakupigia kona zilezile.”

“Uani kuna nini? Nani anapita uani? Mwanafunzi ajifunze kumwogopa nani, ukuta?” Akageukia Injinia, na sasa alikuwa anafundisha. “Hawa wa baiskeli wanalalamika kwamba madereva hawawaoni. Kweli, hawawaoni! Kwa sababu wamefundishiwa viwanjani. Mimi wangu wanafundishwa hapa, baiskeli iko kwenye kioo, kengele iko sikioni. Akitoka mikononi mwangu, maisha yake yote kabla hajaingia mahali atatazama kioo. Mnataka madereva wa namna gani nyinyi?”

Nitasema ukweli: lilikuwa jambo la maana, na Injinia akaliandika kwa kalamu ya kijani, ambayo sikuwa nimeiona ikitumika. Kamba akaisogelea ndoo ya rangi ya kibao.

“Na sisi tukifa wakati wanajifunza?” akauliza fundi bomba.

“Usitie chumvi. Hakuna aliyekufa.”

“Huyu hapa ana nyuzi saba!”

“Na niliyemwokota ni mimi,” akasema Mwalimu, na sauti ikashuka kidogo. “Sista anajua. Sista, mimi na wewe hatuna ugomvi.”

“Hatuna, Mwalimu,” akasema Dada.

“Basi tusaidiane. Hakuna haja ya kutoka barabarani kwenye magari. Ukifika hapa, shuka. Panda hapo pa waenda kwa miguu, sukuma baiskeli mpaka mbele ya gari langu, panda tena uende zako. Nimehesabu mwenyewe asubuhi hii, ni hatua kumi.” Akazitembea mbele yetu, akihesabu kwa sauti, viatu vyake vinang'aa, toka bampa ya nyuma mpaka mbele ya taa na zaidi kidogo, akaishia palepale penye lango la ua wake. Akageuka. “Kumi. Umeona? Sio kilomita. Hatua kumi zinamchosha nani?”

Wenye magari wakaitikia kwamba kweli, kumi si kitu. Injinia akainua kalamu, akamtazama Dada. Wote tukamtazama Dada. Alikuwa anaangalia lango, halafu gari, kisha mkono wake uliofungwa.

“Hazimchoshi mtu, Mwalimu,” akasema. “Basi sogea wewe hizo kumi. Wewe ndiye mwenye injini.”